Kuvuka mpaka Isongole na Tunduma: vitu gani umwonyeshe ofisa wa forodha?

Anayetoka Itumba kwenda Chitipa kumsalimia shangazi, kwaya iliyoalikwa Malawi na vyombo vyake vya muziki, kijana anayepitia Tunduma kwenda Lusaka: wote hufika mbele ya ofisa wa forodha na kuulizwa swali lile lile, "Umebeba nini?" Wengi hujibu "Hakuna kitu" kwa kuogopa kutozwa ushuru. Jibu hilo ndilo huwaletea hasara. Katika makala haya tunaeleza vitu gani vya kuonyesha, na kwa nini kuonyesha kunakulinda wewe mwenyewe.

Kuonyesha si kulipa

Mizigo ya wasafiri wanaoingia Tanzania inasimamiwa na Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Nguo zako na vitu vyako binafsi vya matumizi havitozwi ushuru. Mgeni anayeingia nchini anaruhusiwa pia chakula na vinywaji visivyo na kilevi kwa kiasi ambacho ofisa ataona kinalingana na safari yake. Aliyetimiza miaka 18 anaruhusiwa pombe kali isiyozidi lita 1 au mvinyo usiozidi lita 2, na tumbaku au sigara zisizozidi gramu 250.

Kwa hiyo vitu vingi unavyoonyesha hupita bure. Ofisa hukadiria kile tu kinachozidi, au kinachoonekana ni cha biashara. Blanketi moja ni lako. Mablanketi kumi yenye lebo ni duka.

Vyombo vyako: viandikishe unapotoka

Hapa ndipo wengi hukwama. Unavuka na spika, kinanda, kompyuta, kamera au mashine ya kukata mbao, vyote vyako, ulivyonunua Mbeya au Vwawa. Siku ya kurudi ofisa anaviona vikiingia kutoka nje. Atajuaje kwamba havikununuliwa huko?

Sheria inaruhusu kitu kilichotoka nchini kirudi bila ushuru, mradi ofisa aridhike kuwa ni kile kile. Basi kabla ya kuvuka fanya hivi:

- Beba risiti ya ununuzi kama unayo.
- Andika orodha ya vyombo na namba iliyochapwa nyuma ya kila kimoja.
- Piga picha za namba hizo kwa simu.
- Mwonyeshe ofisa wa forodha wa Tanzania, mwombe athibitishe kwa maandishi kuwa vinatoka kwa muda, na uitunze karatasi hiyo hadi utakaporudi.

Upande wa Malawi au Zambia nako eleza kwamba vyombo vinaingia kwa muda na vitaondoka na wewe.

Kwa wanaopita Tunduma, kumbukeni kuwa tangu Oktoba 2019 kuna kituo cha pamoja cha mpakani. Taratibu za nchi zote mbili hukamilishwa upande wa nchi unayoingia. Ukienda Zambia, maofisa wa Tanzania utawakuta Nakonde, na ukirudi unamalizia Tunduma.

Ulivyonunua huko, na kanuni ya saa 24

Msafiri anayerudi hupata msamaha wa ushuru kwa bidhaa alizonunua, hadi kiwango cha thamani kilichowekwa kisheria. Lakini kuna masharti: uwe umekaa nje ya nchi zaidi ya saa 24, bidhaa uwe nazo mwenyewe safarini, na uwe umemwonyesha ofisa.

Sharti la saa 24 linawagusa sana watu wa Ileje. Aliyevuka asubuhi, akanunua sufuria na vitenge Chitipa na kurudi jioni, hana msamaha huo. Ukitakiwa kulipa upande wa Tanzania, omba kontroli namba na risiti. Usimpe mtu fedha mkononi.

Chakula cha njiani

Maandazi, chapati, karanga za kukaanga na viazi vya kuchemsha vya kula safarini kwa kawaida havina shida. Kinachoangaliwa kwa makini ni chakula kibichi na chochote kinachoweza kuota au kuambukiza: mbegu, miche ya migomba, marando ya viazi, mahindi, nyama, maziwa, mayai na kuku hai. Mbegu na miche huhitaji kibali na cheti cha afya ya mimea. Upande wetu kazi hiyo iko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA.

Huo si usumbufu wa bure. Dumuzi, yule mdudu anayegeuza mahindi na makopa kuwa unga ghalani, asili yake ni Amerika ya Kati. Aliingia nchini kupitia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha akaenea hadi Malawi na Zambia. Homa ya nguruwe nayo haina tiba, na virusi vyake hudumu muda mrefu ndani ya nyama, hata iliyokaushwa. Kipande cha kitimoto kilichobaki njiani, kikitupwa kwenye banda la nguruwe, kinaweza kumaliza mifugo ya kijiji kizima.

Masharti ya mazao hubadilika haraka. Machi 2025 Malawi ilizuia baadhi ya bidhaa kutoka nje, zikiwemo mchele, tangawizi na ndizi. Aprili Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya kilimo kutoka Malawi, kisha ikaondoa zuio lake baada ya muda mfupi. Kabla ya kufunga kiroba cha mchele cha kumpelekea ndugu, uliza kwanza.

Dawa, fedha na mifuko

- Dawa: zibebe kwenye boksi lake pamoja na karatasi ya daktari. Zambia ni kali hata kwa baadhi ya dawa za kikohozi zinazouzwa madukani kwetu, hasa zenye jina *diphenhydramine* kwenye boksi. Wapo wasafiri waliokamatwa kwa sababu yake.
- Fedha taslimu: zikifikia dola 10,000 za Marekani au thamani hiyo kwa fedha nyingine, ni lazima kutoa taarifa unapoingia au kutoka Tanzania.
- Mifuko ya plastiki ya kubebea: imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Bidhaa ulizofungiwa Chitipa au Nakonde zihamishie kwenye kikapu au mfuko mbadala kabla ya kuvuka.

Ukificha, au ukipita njia za panya

Ndugu wa pande mbili za mto Songwe wamevuka tangu enzi za mababu, na wengi wanaijua njia ya mkato. Lakini bidhaa iliyofichwa au iliyopitishwa nje ya kituo inaweza kutaifishwa, na chombo kilichoibeba pia. Bodaboda aliyekodiwa kwa nauli ndogo anaweza kupoteza pikipiki, ambayo pengine bado anailipia mkopo.

Ukiwa na shaka

Kama hujui kitu chako kiko kundi gani, kitaje kabla hujaulizwa. Ukikionyesha mwenyewe, mara nyingi baya kubwa ni kukilipia au kukiacha. Kikigunduliwa ndani ya begi baada ya wewe kusema "hakuna", shauri limekuwa lingine. Kabla ya safari unaweza kuuliza ofisi ya TRA iliyo karibu, au kupiga bure 0800 750 075.