Duka Linalokuruhusu Kugusa: Safari ya Kinanda Mpaka Kufika Kwetu

Leo siongelei nani kamuacha nani wala nani kanunua gari gani. Leo ni historia, ila ni historia ya kitu unachokisikia kila siku: kwenye daladala, kanisani, kwenye harusi ya jirani mpaka saa nane usiku. Naongelea kinanda cha umeme.

Watu wengi wakihadithia habari hii wanataja wagunduzi na mastaa tu. Mimi nimeisoma weee, nikaona kuna mtu anasahaulika kila mara. Ni yule wa dukani, aliyemwambia mtu asiye na hela au asiyejua kupiga, "Njoo, jaribu." Bila huyo, nusu ya muziki tunaoupenda usingekuwepo.

Tuanze na neno lenyewe. Wazee wa pwani, kule Lamu na Mombasa, wakisema kinanda walimaanisha chombo cha nyuzi, ndugu yake udi. Baadaye jina likahamia kwenye kile cha kanisani cha vibonyezo vyeupe na vyeusi. Sasa hivi ukisema kinanda, kila mtu anawaza kile kirefu chenye vitufe na taa. Jina limebaki, chombo kimebadilika mara mbili.

Mwaka 1964 huko Marekani, Robert Moog alionyesha mashine yake ya kutengeneza sauti kwa umeme. Usifikirie kitu cha kubeba kwapani. Ilikuwa makabati yenye nyaya zimechomekwa kila kona, na wanunuzi walikuwa vyuo vikuu, studio na watu wenye pesa zao. Mtu wa kawaida alikuwa anaisikia tu kwenye santuri.

Mwaka 1970 ikatoka Minimoog. Vibonyezo 44, unaibeba, bei karibu dola 1,500. Ilikuwa inatoa noti moja tu kwa wakati mmoja, yaani ukibonyeza viwili pamoja unasikia kimoja. Sasa shida ikawa maduka. Wenye maduka ya muziki waliangalia vile vitufe vya kuzungusha, wakasema hatujui hii ni nini, sisi tunauza gitaa na piano. Kuna muuzaji mmoja wa Florida akapata akili. Akawa anawafuata wapiga muziki huko huko kumbi za usiku, anawapa waiguse. Mpigaji akishanogewa, jamaa anaongozana naye mpaka dukani: "Huyu hapa mteja wako, agiza." Ndivyo chombo kile kilivyoingia madukani. Mkono ulitangulia, pesa ikafuata.

Twende Japani. Kuanzia mwaka 1980 Casio, kampuni iliyojulikana kwa mashine za hesabu, ikaanza kuuza vinanda vidogo vya nyumbani. Mwaka 1981 wakatoa kimoja kinaitwa MT-40. Ndani yake mliwekwa midundo tayari, ili hata asiyejua kitu abonyeze kitufe asikie bendi nzima. Kazi ya kutunga midundo ile alipewa binti mmoja aliyekuwa ameajiriwa muda si mrefu, mpenzi mkubwa wa rege. Mmojawapo ukapewa jina "rock".

Kinanda kimoja cha aina hiyo kikafika Jamaika, mikononi mwa kijana mmoja wa mtaani Kingston. Wakakuta ule mdundo, wakaupunguza kasi, wakaupeleka kwa produza King Jammy. Mwaka 1985 ukatoka wimbo wa Wayne Smith, "Under Mi Sleng Teng". Kuanzia hapo rege ya Jamaika ikageuka. Bendi ya kukodi ikaanza kukosa kazi, mashine ikachukua nafasi, na wasanii wengi mno wakaimba juu ya mdundo ule ule. Fikiria hapo: kinanda kilichotengenezwa kwa ajili ya sebuleni kimebadilisha muziki wa nchi nzima, kwa sababu kilikuwa mikononi mwa vijana wa kawaida.

Mwaka 1983 nao haukuwa mdogo. Kwenye maonyesho ya biashara ya muziki kule California, walichukua vinanda vya kampuni mbili pinzani, Sequential ya Marekani na Roland ya Japani, wakaviunganisha kwa waya mmoja. Ukipiga hiki, kile kinaitikia. Hiyo ndiyo MIDI, na mpaka leo produza wako anaitumia kupeleka vidole vyake ndani ya kompyuta. Mwaka huo huo Yamaha ikatoa DX7, na sauti yake ya piano ikajaa kwenye nyimbo taratibu za miaka ya themanini.

Kwetu je? Zanzibar ilikuwa na taarabu tangu zamani. Kikundi cha Ikhwani Safaa kilianza mwaka 1905, na muziki wake ulihitaji watu: fidla, udi, ganuni, nai. Miaka ya tisini Dar es Salaam ikawaka kwa taarabu ya kisasa, TOT na Muungano wakishindana kwa mipasho. Hapo kinanda cha umeme ndiyo kikawa mfalme. Mtu mmoja anatoa sauti za fidla kumi. Raha kwa mwenye kikundi, kilio kwa wapiga fidla. Pia kuna kitu kilipotea: taarabu ya asili ina sauti zinazokaa katikati ya kibonyezo cheupe na cheusi, na kinanda cha kawaida hakina pa kuzipata. Vipo vinavyoruhusu kushusha noti kidogo, lakini lazima umjue wa kukuonyesha kitufe.

Hapo ndipo narudi kwa mtu wa dukani.

Juzi kati nilipita maduka ya vyombo vya muziki Kariakoo. La kwanza vinanda vyote viko kwenye nailoni, na jibu ni moja: "Unanunua au unaangalia?" Nikasogea la pili. Kaka wa pale akavuta kigoda. "Kaa, mdogo wangu. Kinanda hakijaribiwi ukiwa umesimama."

Akaniuliza napigia wapi: kanisani, nyumbani au studio. Kisha akazima midundo yote na mwangwi, akasema hayo ni mapambo, sikiliza sauti tupu kwanza. Bonyeza kila kibonyezo kuanzia kushoto mpaka kulia, kwanza taratibu halafu kwa nguvu. Kama sauti haibadiliki, kinanda hicho hakisikii mkono wako, na ukikizoea piano halisi itakushinda. Angalia tundu la pedali, tundu la hedifoni na la kuunganisha kompyuta. Halafu akaniambia kitu ambacho muuzaji mwenye njaa hawezi kusema: kama kazi yako ni studio tu, chukua kile kidogo kisicho na spika, sauti zote ziko kwenye kompyuta, usilipie usichotumia.

Wakati tunaongea akaingia dogo kavaa sare za shule. Akasalimia, "Shikamoo kaka," akaenda moja kwa moja kwenye kinanda cha pembeni, akavaa hedifoni, akaanza. Nikauliza, ni mteja? Kaka akacheka. "Hana hata nauli huyo. Anapigia kwaya yao, na kwao hawana kinanda. Siku kanisa likitaka kununua, unadhani atawaleta wapi?"

Wadau, hiyo ni akili ile ile ya jamaa wa Florida, miaka hamsini na zaidi baadaye, na sidhani kama kaka wa Kariakoo amewahi kumsikia.

Tunalalamika kila siku kwamba wasanii wetu wanaimba juu ya CD, hawana bendi, hawajui kupiga chombo. Sawa. Ila tujiulize mtoto wa Mbagala au Tandale atakigusa wapi hicho chombo kwa mara ya kwanza, kama dukani kimefungwa nailoni na kwenye simu anakiona picha tu? Mwenye duka anayeruhusu dakika kumi na tano za bure anafanya kazi ya shule ya muziki, na hakuna anayemlipa.

Kwa hiyo ukimjua mwenye duka wa namna hiyo, ukipata hela kanunue kwake, hata kama pembeni kuna nafuu ya elfu kumi. Na wewe unayepiga leo, uligusa kinanda cha nani kwa mara ya kwanza? Dondosha hapo chini tusome.