Mwangwi Ndani ya Kisanduku

Vijana wengi wa rika langu wakisikia gitaa linalorudia sauti yake lenyewe mpaka ikafifia, husema hayo ni mambo ya Ulaya na kompyuta. Mimi nasema sivyo. Mwangwi ni wa zamani kuliko umeme, na hata huu uliotiwa ndani ya mashine una historia inayotuhusu. Nimepata bahati ya kuazimwa pedali moja ya mwangwi ya dijitali, nikaijaribu kwa majuma mawili Ruangwa na Nachingwea. Nataka nieleze ilikotoka, inachofanya, na kwa nini sisi wapigaji wa wilayani tufikiri mara mbili kabla hatujaitolea fedha za korosho.

Tuanze na mlima. Sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Simama mita 136 kutoka kwenye jabali, kisha piga ukelele. Sauti itakwenda mita 136, itarudi mita 136, nawe utaisikia tena baada ya sekunde 0.8. Kila mtoto aliyewahi kuamia ndege shambani anaijua habari hii, ingawa hakuipigia hesabu. Sasa basi, mwaka 1983 kampuni ya Boss ya Japani ilitoa DD-2, pedali ndogo ya kwanza ya kukanyaga kwa mguu iliyotengeneza mwangwi kwa njia ya dijitali. Muda mrefu kabisa iliyoweza kuichelewesha sauti ulikuwa sekunde hizohizo 0.8. Yaani jabali zima, pamoja na uwanja ulio mbele yake, limo ndani ya kitu unachokishika kwa kiganja kimoja!

Kabla ya dijitali palikuwa na utepe. Mwingereza Charlie Watkins alianza kuuza mashine yake ya Copicat mjini London mwaka 1958. Ndani yake mna utepe mfupi kama wa kaseti, umeunganishwa ncha kwa ncha, unazunguka. Kichwa kimoja hurekodi na vingine vilivyo mbele yake husoma, na ule mwendo wa utepe kutoka kichwa hadi kichwa ndio unaochelewesha sauti. Mwaka 1974 kampuni ya Roland ya Japani nayo ikatoa yake, RE-201. Mashine hizi zilipendwa mno, ila zilitaka malezi: utepe huchakaa, vichwa hushika vumbi, na usiombe ukatike katikati ya dansi. Dijitali ikaondoa utepe. Sauti ya gitaa hupimwa maelfu ya mara kila sekunde, kila kipimo kikageuzwa tarakimu na kuwekwa kwenye kumbukumbu, kisha tarakimu zikasomwa baadaye na kuwa sauti tena. Ndiyo maana mwangwi wake ni safi na hauchoki.

Hapa kuna jambo linalonifurahisha. Mwaka 1970 Morogoro Jazz, Mbaraka Mwinshehe akiwamo, walikwenda Osaka, Japani, kuiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya dunia ya Expo '70. Mwaka 1972, katika mji huohuo wa Osaka, Ikutaro Kakehashi akaanzisha kampuni ya Roland, mama wa hiyo Boss. Sisemi kwamba Mjapani alimsikia Mbaraka ndipo akapata wazo. Hapana, hiyo itakuwa hadithi ya kijiweni. Nasema tu kwamba gitaa letu lilifika mjini humo kabla kampuni yenyewe haijazaliwa, kwa hiyo tusijione wageni kwenye habari hizi.

Je, gitaa letu lilikuwa likifanya nini miaka ile? Hebu kumbuka majina: Kilwa Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz, Atomic na Jamhuri za Tanga, Nuta Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964, hadi Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978. Wanamuziki wengi hawakuwa na vyombo vyao wenyewe. Vyombo vilikuwa mali ya shirika, chama au tajiri. Miaka ya mwanzo ya 1980, fedha za kigeni zilipoadimika, hata nyuzi za gitaa zilitafutwa kwa tochi. Lakini sikiliza kanda za Radio Tanzania za enzi hizo. Gitaa la solo linatupa kifungu, sekondi solo linakidaka, rithimu linaziba mapengo, besi linatembea chini yao. Ukifumba macho utadhani sauti moja inagonga ukuta na kurudi. Kumbe hakuna ukuta. Ni mtu mwingine amekaa kushoto kwa mwenzake, anamsikiliza, anamjibu.

Na jambo hilo hatukujifunza kwenye santuri. Katika ngoma zetu huku kusini, za Wamwera na Wamakonde, mmoja hutoa na wengine huitikia. Anayeitikia si mwangwi. Anaweza kukaza, anaweza kulegeza, akimwona mtoaji amechoka humpokea.

Nachingwea kwenyewe ni mji unaojua habari za mashine. Mwaka 1947 Waingereza walileta Mpango wa Karanga, matrekta yakafyeka msitu, reli ikajengwa. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa. Sikumbushi haya ili tuogope vitu vipya. Nakumbusha kwamba mtu wa Nachingwea, na wa Ruangwa pia, ambayo ilikuwa sehemu ya wilaya hiyo hadi mwaka 1995, ana haki ya kuuliza swali moja kila mashine inapoingia: ikishafika, kazi ya nani itakufa, na ikiharibika nani atabaki?

Haya, nikaijaribu. Mgala muue na haki yake mpe: kile kisanduku ni fundi. Kina kitufe cha ukubwa wa mwangwi, kingine cha idadi ya marudio, kingine cha muda. Nikiweka muda mfupi sana, gitaa moja linasikika kama mawili. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, kila pigo ni sekunde 0.5, nikaweka sekunde 0.375, na mwangwi ukawa unaangukia kati ya vidole vyangu kana kwamba kuna mwenzangu. Kuna mahali pa kuiga utepe uliochakaa, na pengine pa kugeuza sauti kinyumenyume, vijana wa kijiweni wakacheka mpaka basi. Halafu kuna ile ya kuzungusha: unapiga rithimu, unakanyaga, kisanduku kinairudia bila kukoma, wewe unapiga solo juu yake. Usiku wa kwanza Ruangwa nilipiga peke yangu hadi saa sita.

Kisha nikaipeleka Nachingwea kwa mzee mmoja aliyewahi kupiga rithimu ujanani. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu, ndicho hicho?" Nikafunga mzunguko wa rithimu, nikapiga solo. Akasikiliza kwa heshima zote. Mpiga tumba wetu alikuwapo, na tulipofika kwenye chemko akachangamka, akaongeza mwendo kama desturi. Mimi nikamfuata. Kisanduku hakikutufuata. Kiliendelea na mwendo wake wa mwanzo, safi, hakina kosa hata moja, na wimbo ukavunjika mikononi mwetu. Mzee akaomba gitaa la pili, lenye nyuzi nne tu. Tukaanza upya bila pedali. Tumba ilipopanda, akapanda nayo. Niliponyamaza kidogo kupumua, akajaza. Niliporudi, akanipisha.

Najua mtasema zipo pedali zinazopokea mwendo kwa kugongwa na mguu. Ni kweli, hata hii inaweza. Lakini mguu ni wangu, na anayeamua ni mimi yuleyule. Kisanduku hakina njia ya kujua kwamba mwimbaji ameongeza ubeti au wachezaji wamekolea.

Kikundi chetu kina fedha za kitu kimoja tu msimu huu. Wenzangu wawili walitaka pedali, kwa hoja kwamba wapigaji wengine wamehamia Dar es Salaam na hatuna tena wa sekondi wala wa rithimu. Hoja ina uzito. Ila naona ndiyo sababu ya kukataa. Tukinunua kisanduku kwa kuwa hatuna wa kujibu, hatutamtafuta tena, na wazee wanaojua kujibu hawatapata wa kumfundisha. Pedali itauzwa hata mwaka kesho. Mzee yule ana umri wake.

Tumepiga kura, nami niliyoyaeleza hapa ndiyo niliyowaeleza wao. Tutanunua nyuzi, tutatengeneza gitaa la pili, na nauli ya mzee kuja Ruangwa kila Jumamosi tutachanga. Kisanduku nimekirudisha kwa mwenyewe kikiwa kizima. Sasa tunatafuta kijana wa sekondi solo. Asiwe fundi, awe msikivu tu. Akitaka, aje Jumamosi jioni.