Kadi ya Mzee wa Hamilton

Wamarekani wengi huiona Kanada kama chumba cha uani cha nyumba yao wenyewe. Nami nilikuwa na mawazo hayo hayo. Mwaka 1996, nikiishi Buffalo na kuuza vipuri vya mashine, nilitumwa Hamilton, mji wa viwanda vya chuma katika jimbo la Ontario. Nilipovuka daraja la mpakani na kuona kibao cha barabarani kimeandikwa 100, nikakanyaga mafuta. Kumbe ni kilomita, si maili! Kanada ilibadili vibao vyake mwaka 1977; jirani yake hajabadili hadi leo.

Lakini somo kubwa nililipata siku ya pili. Mzee mmoja, fundi wa karakana niliyoitembelea, aliteleza akavunjika mkono. Nikampeleka hospitali. Tulisubiri saa nne nzima, hilo sitalificha. Ila pale dirishani karani aliomba kitu kimoja tu: kadi ya afya. Mkono ukapigwa picha, ukafungwa plasta, tukaondoka. Nikamwuliza, "Mzee, bili utaletewa lini?" Akanitazama kana kwamba nimemwuliza bei ya hewa. "Nimekwisha kulipa, kijana. Kila mwaka nalipa kodi."

Nilimkumbuka mwenzangu mmoja wa Buffalo. Kazi yake aliichukia, lakini hakuthubutu kuiacha, kwa kuwa bima ilikuwa ya mwajiri na mkewe alikuwa mgonjwa.

Msidhani kadi ile iliota kama uyoga. Ilianzia Saskatchewan, jimbo la wakulima wa ngano. Kiongozi wake tangu mwaka 1944 alikuwa Tommy Douglas, mhubiri aliyeingia siasa. Utotoni nusura akatwe mguu kwa ugonjwa wa mfupa, kwani wazazi wake hawakuwa na fedha. Daktari bingwa mmoja wa Winnipeg alimtibu bure, ili wanafunzi wake wapate kujifunza. Douglas alisema baadaye kwamba mguu wa mtoto usitegemee bahati ya namna hiyo.

Mwaka 1947 jimbo lilianza kulipia gharama za hospitali kwa wananchi wake. Tarehe 1 Julai 1962, Douglas akiwa amekwisha kumwachia uongozi Woodrow Lloyd, likaanza kuwalipia na madaktari. Siku hiyo hiyo madaktari waligoma. Mgomo ulidumu siku 23, wengine wakaletwa kutoka Uingereza, serikali haikurudi nyuma. Bunge la Kanada likapitisha sheria mwaka 1966, na kufikia mwaka 1972 majimbo yote yalikuwa yamejiunga. Marekani nayo ilitunga sheria mwaka 1965, lakini kwa ajili ya wazee na maskini. Wengine waliachwa kwa waajiri wao na kwa bahati zao.

Mfumo wa Kanada una kasoro. Foleni ni ndefu, na kwa miaka mingi meno na dawa za nyumbani watu wazima wengi wamejitegemea wenyewe. Hata hivyo, kama Lloyd angekata tamaa katika siku zile 23, huenda mzee wangu wa Hamilton angeondoka na mkono uliofungwa plasta, na bili mfukoni.