Afisa Mipango Miji

Afisa mipango miji ni mtumishi wa serikali ya mji anayepanga matumizi ya ardhi: wapi pajengwe nyumba za kuishi, wapi pawe na soko, shule, zahanati, viwanda na makaburi, barabara ipite wapi na iwe na upana gani, bonde gani liachwe bila jengo. Tanzania Bara huajiriwa katika halmashauri ya jiji, manispaa, mji au wilaya, hufanya kazi pamoja na mpima ardhi, mthamini na afisa ardhi, na husajiliwa na bodi ya taaluma yake kwa sheria ya mwaka 2007. Wengi wao wamepitia Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam, ambacho chimbuko lake ni shule ya upimaji iliyoanzishwa 1956. Kwa kusikia cheo chake, mtu angedhani kazi hii ni kuchora mji ujao. Historia ya Dar es Salaam inaonyesha vingine. Michoro imekuwapo tangu ukoloni, na baadhi ilikuwa mizuri. Lakini sura ya mtaa, karibu kila mara, imeamuliwa na yule aliyetangulia kufika shambani, awe afisa au mnunuzi.

Njia ya afisa ni ndefu. Eneo hutangazwa kuwa la mpango, wenye mashamba huitwa mkutanoni, mthamini huhesabu minazi, miembe na nyumba zilizopo, fedha ya fidia hutafutwa, mchoro huandaliwa, hupita kwenye kamati ya madiwani inayoshughulikia mipango miji, kisha hupanda ngazi za juu kuidhinishwa. Hapo ndipo mpima huingia kuweka mawe ya mipaka, ramani yake nayo huidhinishwa, na mwisho kabisa hutolewa hati. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati, jambo jema kwa mkulima na zito kwa halmashauri isiyo na akiba. Njia ya mnunuzi ni fupi. Dalali humwonyesha kipande cha shamba, bei hupatanwa kwa hatua za miguu, karatasi ya mauziano huandikwa mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mashahidi, muhuri hugongwa, na fundi huanza kuchimba msingi. Huu si wizi. Muuzaji anajulikana na majirani kuwa ndiye mwenye shamba, mnunuzi amelipa, na ofisi ya umma imeshuhudia, hata kama ni ya ngazi ya chini kabisa. Kinachokosekana ni barabara, mfereji na uwanja wa shule, yaani vile tu ambavyo muuzaji mmoja mmoja hana sababu ya kuviacha. Hapo ndipo afisa anapohitajika, na hapo ndipo kwa kawaida hayupo.

Mji ulioachwa na wakoloni ulikuwa umepangwa kwa ubaguzi: Uzunguni yenye viwanja vikubwa, Uhindini ya maduka, Kariakoo ya Waafrika, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukiitenga Kariakoo na hizo nyingine. Mpango kabambe wa kwanza ulitoka 1949, ukafuatwa na wa 1968 na wa 1979, hii miwili ikiandaliwa na kampuni za Kanada. Wa 1979 ulitazama miaka 20 mbele. Miaka hiyo ilipokwisha hapakuwa na mwingine wa kuushika mkono, na jiji likaendelea kukua kwa muda mrefu likiwa na ramani iliyopitwa na wakati. Miaka ya 1960 serikali ilijaribu kuvunja mitaa ya vibanda na kujenga upya kupitia Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa 1962. Nyumba zilizopatikana zilikuwa chache mno kuliko watu waliokuwa wakiingia mjini, na njia hiyo ikaachwa. Mwaka 1974, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ukaanza mradi wenye sura mbili. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, viwanja vilipimwa na barabara kutengwa kabla ya watu kujenga, kisha kila mtu akajenga kwa uwezo wake. Manzese, ambako nyumba zilikuwa zimekwisha jaa, zilipelekwa barabara, maji na huduma nyingine katikati ya makazi yaliyopo. Hivyo, bila mtu kukusudia, jiji likapata kipimo cha hoja hii: mradi mmoja, miaka ileile, tofauti kubwa ikiwa ni nani alitangulia. Guy Michaels na wenzake, katika utafiti uliochapishwa 2021 na uliogusa miji saba ya Tanzania iliyopitiwa na mradi huo, walikuta kwamba miongo kadhaa baadaye maeneo yaliyopimwa kabla ya kujengwa yana nyumba bora na mpangilio ulionyooka kuliko yale yaliyoboreshwa baada ya kujaa. Anayetembea leo kutoka Sinza kuingia Manzese anaona tofauti hiyo kwa macho yake, ingawa ni mwendo mfupi tu.

Ushahidi wa pili ni Mradi wa Viwanja 20,000, ulioanza 2002 chini ya Wizara ya Ardhi kwa mkopo wa shilingi bilioni 8.9. Wenye mashamba walilipwa fidia, viwanja vikapimwa pembezoni mwa jiji, kama Mbweni, Bunju, Kibada, Toangoma na Buyuni, vikauzwa, na mauzo yakarudisha mtaji. Viwanja vilivyopatikana vilizidi idadi iliyo katika jina la mradi. Kwa hiyo kufika mapema kunawezekana, tena bila kuitwisha hazina mzigo wa kudumu. Lakini mradi huo pia unatahadharisha wanaodhani kutangulia kunatosha. Bei ilimpita mpangaji wa chumba kimoja Tandale au Buguruni. Viwanja vingi vilinunuliwa kama akiba, vikakaa vichaka kwa miaka. Na baadhi ya waliolipwa fidia walikwenda kununua mbele zaidi, kusikopimwa. Sehemu ya kosa iko katika viwango vyenyewe. Kwa viwango vya 1997, hata kiwanja cha eneo la msongamano mkubwa kilipaswa kuwa na mita za mraba 400 hadi 800. Afisa anayepima viwanja ambavyo watu wengi hawawezi kuvinunua amewarudisha kwa dalali.

Pingamizi la kwanza, na linalopendwa zaidi na wenye mamlaka, ni kwamba kinachokosekana ni ukali: sheria ipo, wavamizi wavunjiwe. Bonde la Msimbazi linajibu. Lilijulikana muda mrefu kuwa ni njia ya maji, si mahali pa kulala watu. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 yaliyoua makumi ya watu, familia nyingi za bondeni zilipewa viwanja Mabwepande, mbali na vibarua vyao na masoko yao. Desemba 2015 mabuldoza yalirudi bondeni, kwa kuwa bondeni kulikuwa na watu tena, na nyumba ziliwekewa alama ya X ya kubomolewa. Sisemi kwamba bonde liachwe lijae. Kulizuia lisijengwe ni wajibu wa afisa kuliko karibu wajibu mwingine wote. Ninachosema ni kwamba bomoabomoa ni gharama ya kuchelewa, na anayelipa sehemu kubwa yake ni yule ambaye hakuchelewa. Mara nyingi nyumba inayowekewa X ina mita ya umeme na bomba la maji, na mwenye nyumba amekuwa akidaiwa kodi ya majengo: idara tatu za umma zimemtambua kabla ya idara ya nne kugundua kwamba hayupo kwenye mchoro. Dodoma nayo inajibu kwa namna nyingine. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyoundwa 1973 na kuvunjwa 2017, ilikuwa na nguvu juu ya ardhi ambazo hakuna halmashauri iliyowahi kuzipata, na bado makazi yasiyopangwa kama Chang'ombe yalikua machoni pake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Wanasema urasimishaji, yaani kupanga, kupima na kumilikisha makazi yaliyokwisha jengwa, huwazawadia waliojenga kiholela na kuwafundisha wengine wafuate. Serikali ilianza kwa leseni za makazi mwaka 2004, za miaka miwili na baadaye mitano; kisha ikaja programu ya kitaifa ya 2013 hadi 2023, ambamo wakazi walichangia gharama na kampuni binafsi zikapewa kazi ya kupanga na kupima, ada ikafika kuwekewa kikomo cha shilingi 150,000 kwa kiwanja. Kasoro zilikuwa wazi: watu walichanga na kazi ikasimama njiani, na pale ilipokamilika barabara nyingi zilibaki nyembamba kwa kuwa hakuna aliyekuwa tayari kukata ukuta wake bila fidia. Hata hivyo hoja ya zawadi haisimami. Makadirio ya kawaida ni kwamba wakazi saba hadi wanane kati ya kumi wa Dar es Salaam wanaishi katika maeneo yasiyopangwa. Idadi kama hiyo haiadhibiwi wala haizawadiwi; inatawaliwa. Zaidi ya hayo, katika urasimishaji ndipo afisa hufanya kazi yake ngumu kuliko zote, ya kukaa na majirani chini ya mwembe na kumshawishi kila mmoja atoe mita moja ili gari la wagonjwa lipite. Huko chuo kinamsaidia kidogo, na mjumbe anayeaminika mtaani humsaidia sana. Urasimishaji unadhuru pale tu unapogeuka kuwa mpango wa mji badala ya kuwa tiba ya pale ambapo mpango ulichelewa.

Wapo pia wanaomaliza mjadala kwa neno moja, rushwa. Viwanja vya wazi vilivyogeuka maduka vipo, na haviwezi kuelezwa kwa uchache wa fedha. Lakini rushwa ya ofisini hula zaidi ardhi iliyokwisha pangwa. Haielezi maelfu ya ekari ambazo hakuna afisa aliyewahi kuzikanyaga, mwaminifu wala mla rushwa.

Linaloeleza hayo ni mtaji. Halmashauri inayotakiwa kutangulia shambani inahitaji mfuko wa kulipa fidia leo na kuurejesha kesho viwanja vikiuzwa, kama ulivyofanya mradi wa 2002. Badala yake vyanzo vyake vya mapato ya ardhi vimekuwa vikipanda kwenda serikali kuu: kodi ya majengo ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato mwaka 2016, na mwaka 2021 ikaanza kukatwa mtu anaponunua umeme. Na pale fedha isipotosha kupima kila kiwanja, afisa hana budi kupunguza matarajio: atenge barabara kuu, njia za maji, viwanja vya shule na makaburi, aweke mawe yanayoonekana, awashirikishe wenyeviti wa mitaa ili mauziano yasivuke mawe hayo, na awaachie watu wagawane yaliyobaki kwa vipande wanavyovimudu. Wanataaluma wengine wataona huo ni nusu ya mpango. Lakini Kariakoo pia ilianza kwa mistari ya barabara, na hadi leo, maghorofa yakiwa yamechukua nafasi ya nyumba za Kiswahili, mistari ile ndiyo inayopitisha malori.

Sensa ya 2002 ilikuta Dar es Salaam na watu karibu milioni 2.5, ya 2022 iliwakuta 5,383,728. Ongezeko linalofuata halitaingia Sinza wala Manzese. Linaingia Chanika, Chamazi na Kigamboni, na limekwisha kuvuka mpaka wa mkoa kuelekea Kibaha, Kisarawe, Mkuranga na Bagamoyo, ambako halmashauri zina maofisa wachache na mashamba yanayouzwa kila wiki. Mkopo wa kufidia mashamba, kama utakuwapo tena, upelekwe huko kwanza.