Tutalala Wapi?

Binamu yangu anaishi Aurora, jirani na Denver, na ameamua kwamba watoto wake wataiona milima kabla hawajafika umri wa kukataa kusafiri na mama yao. Amepata RV ya kukodi, lile gari lenye vitanda, jiko na choo ndani, kwa siku 12 za Julai. Watatoka Denver, wapande kaskazini wapitie Wyoming, waingie Yellowstone, waendelee Montana hadi mbuga ya Glacier karibu na mpaka wa Kanada, kisha warudi. Kazi ya kupanga ameniachia mimi, niliye Nairobi, bila visa wala leseni ya kuendesha gari. "Si wewe ndio msomi wa familia," aliniambia kwa WhatsApp. Ananichokoza. Sote tunajua chuo niliacha mwaka wa pili.

Nilianza Januari, maana nafasi nyingi za kambi katika mbuga za Marekani huanza kuuzwa miezi 6 kabla, na za Julai huisha upesi kuliko tiketi za tamasha. Nikafungua jedwali: tarehe, kilomita, mahali pa maji, mahali pa kuchomeka umeme. Kila siku swali lilikuwa moja, tutalala wapi. Nilidhani ni swali la hesabu tu. Halafu binamu akanitumia ujumbe wa sauti, usiku wao, watoto wakiwa wamelala, akiongea polepole: "Hizo town ndogo ndogo za njiani... mimi na hawa watoto, tukilala huko, tutakuwa sawa kweli?"

Sikumjibu siku hiyo. Nilirudi kwenye jedwali nikijifanya niko bize.

Kilichoniingiza kwenye historia ni namba moja: futi 21. Ndani ya Glacier kuna barabara iitwayo Going-to-the-Sun, inayovuka mlima kutoka magharibi hadi mashariki, jabali upande mmoja na bonde upande wa pili. Sehemu yake ya juu hairuhusu gari lenye urefu unaozidi futi 21 au upana unaozidi futi 8. RV ya binamu ina futi 25. Nikajiuliza, barabara ya watalii inakataaje magari ya watalii? Kumbe ilizinduliwa Julai 1933, kwa magari ya enzi hizo. Mlima haujapanuka tangu hapo, magari ndiyo yameongezeka mwili.

Nikaendelea kurudi nyuma. Mwaka 1903 daktari mmoja, Horatio Nelson Jackson, aliweka dau la dola 50 kwamba gari linaweza kutoka San Francisco hadi New York. Akaenda na fundi wake, Sewall Crocker, na wakiwa Idaho wakanunua mbwa aliyeitwa Bud, wakamvalisha miwani ya vumbi. Walitumia siku 63. Barabara nyingi za huko magharibi zilikuwa njia za mikokoteni tu. Hata Yellowstone, mbuga ya kwanza ya kitaifa Marekani, iliyoanzishwa 1872, haikuruhusu magari rasmi hadi Agosti 1915. Kabla ya hapo mtalii alifika kwa treni, akapandishwa gari la farasi, akalala hotelini. Yaani ilikuwa safari ya wenye pesa.

Gari likabadilisha hesabu. Familia ya kawaida ilifunga hema, sufuria na magodoro juu ya gari na kulala popote palipowafaa. Yellowstone iliwapa watu hao jina la kichaka cha nyika za huko: sagebrushers. Miji ikaona wateja. Denver ilifungua kambi kubwa ya magari mahali paitwapo Overland Park, kando ya mto South Platte, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 ilikuwa kati ya kambi maarufu zaidi nchini. Miji mingi iliwalaza wasafiri bure, ikitumaini watanunua mafuta na mkate. Lakini wakaanza kuja watu wenye magari mabovu, watafuta vibarua, familia zilizoishi ndani ya gari kwa sababu hazikuwa na kwingine. Miji ikaanza kutoza ada, kwa sehemu ili kuwafukuza hao. Mimi huwa nasikia harufu hiyo nikiona geti linawekwa mahali palipokuwa wazi na mtu anasema ni kwa ajili ya usalama.

Kuna mtu mmoja ambaye kila anayelala kwenye kambi ya Marekani ana deni kwake, na karibu hakuna anayemjua. Emilio Meinecke alikuwa mtaalamu wa magonjwa ya miti. Aligundua kwamba miti mikubwa kambini ilikuwa ikifa bila ugonjwa wowote. Magari yaliegeshwa ovyo, yakashindilia udongo hadi mizizi ikakosa maji na hewa. Dawa yake, aliyoieneza mwanzoni mwa miaka ya 1930, ilikuwa njia ya mzunguko inayoenda upande mmoja, yenye vichochoro vya kuegesha, na kila kichochoro kina meza yake na mahali pake pa moto. Fungua ramani ya kambi yoyote ninayomtafutia binamu, utaona mizunguko hiyo. Mtu hufikiri amekwenda porini kujiachilia, kumbe amepangwa kwenye mstari na daktari wa miti.

Sasa, kwa swali la binamu. Kambi zile zilipokuwa zikifunguliwa, Mmarekani mweusi mwenye gari alibeba vitu vingine: chakula cha safari nzima, mafuta ya akiba, blanketi za kulala garini, na kopo la choo, kwa sababu kituo cha mafuta kingeweza kukuuzia petroli na kukunyima ufunguo wa msala. Miji kadhaa ilitaka mtu mweusi awe ameshatoka jua likizama. Ndiyo maana Victor Hugo Green, mfanyakazi wa posta wa Harlem, alianza kuchapisha mwaka 1936 kitabu cha kuorodhesha mahali ambapo mweusi angepata kitanda na chakula. Kilichapishwa kwa takriban miaka 30. Nacho pia ni jedwali la kujibu tutalala wapi, ila kosa la kwenye jedwali langu litamgharimu binamu saa mbili za usumbufu tu.

Na Denver ile ya Overland Park? Meya wake kuanzia 1923, Benjamin Stapleton, alikuwa mwanachama wa Ku Klux Klan, na mwaka 1924 Colorado ilichagua gavana wa Klan. Uwanja wa ndege wa zamani wa Denver ulibeba jina la Stapleton, na uwanja ulipohamishwa, mtaa uliojengwa pale ukabaki na jina hilo hadi 2020. Mtaa huo umepakana na Aurora. Binamu huupita akienda kazini.

Lakini miaka hiyohiyo, mwaka 1922, watu weusi walianza kununua viwanja vidogo mlimani magharibi mwa Denver, mahali palipoitwa Lincoln Hills. Walijenga vibanda, wakavua samaki, wakacheza karata barazani. Obrey Wendell Hamlet, aliyejulikana kama Wink, alijenga nyumba ya wageni huko, Winks Lodge, na bado imesimama. Nimeiongeza kwenye siku ya kwanza. Si mbali na wanapoanzia.

Kuna jambo lingine ambalo jedwali lilikuwa likinificha. Kurasa za watalii husema pori, tupu, halijaguswa. Watu wa Tukudika, Washoshone waliowinda kondoo wa milimani, waliishi Yellowstone muda mrefu kabla ya geti. Wakaondolewa, wakapelekwa kwenye maeneo ya Wind River na Fort Hall, na msimamizi wa mbuga, Philetus Norris, akaeneza hadithi kwamba wenyeji waliogopa chemchemi za moto. Kutoka kwenye maeneo hayo mtu alihitaji cheti cha afisa. Hapo msomaji wa Kenya hahitaji tafsiri, babu zetu walivaa kipande shingoni.

Agosti 1877, mbuga ikiwa na umri wa miaka 5, mamia ya watu wa Nez Perce, wazee na watoto wakiwemo, waliikata Yellowstone wakikimbia jeshi lililotaka kuwafungia eneo dogo huko Idaho. Humo wakakutana na watalii waliopiga kambi. Wakawateka baadhi, na kuna waliopigwa risasi. Oktoba, Chifu Joseph alisalimu amri Montana, wakiwa wamebakiza kilomita 65 hivi kufika Kanada. Nimejaribu kuiwazia jioni ile: watu wa likizo na watu wa kukimbia, wote wakitafuta pa kulala penye maji.

Glacier ni hivyohivyo. Mwaka 1895 Wablackfeet, wakiwa wametoka kwenye njaa, walitia sahihi kuuza ukanda wa milima kwa dola milioni 1.5, wakibakiza haki ya kuwinda na kukata miti. Mwaka 1910 ukanda huo ukawa sehemu ya mbuga, na haki zile zikafungiwa nje. Anayejua mikataba ya Wamaasai ya 1904 na 1911 atautambua mwandiko.

Nilichomtumia binamu hatimaye ni picha. Agosti 1896, miaka 7 kabla ya Jackson na mbwa wake, askari weusi wa kikosi cha 25 cha miguu, waliokuwa Fort Missoula huko Montana, walikwenda Yellowstone kwa baiskeli. Wanaonekana wamesimama na baiskeli zao kwenye ngazi nyeupe za chokaa za Mammoth. Kila mmoja alibeba blanketi na nusu ya hema, usiku wawili wakiunganisha nusu zao. Mwaka uliofuata, askari 20 wa kikosi hicho wakapiga pedali kutoka Missoula hadi St. Louis, zaidi ya kilomita 3,000 kwa siku 41, kwa mvua, matope na maji ya magadi yaliyowaumiza matumbo. Jeshi lilikuwa likijaribu kama baiskeli ingefaa badala ya farasi. Likawapongeza, likawarudisha kwa treni, na mradi ukaishia hapo. Kumbuka pia kwamba walikuwa jeshi lilelile lililowafukuza Nez Perce. Sikumficha hilo, na yeye si mtoto.

Alikaa kimya siku nzima. Kisha akaandika kwamba mwanawe mkubwa ameomba picha ile kwenye simu yake.

Mammoth sasa ina asubuhi nzima kwenye jedwali. Glacier, kwa kuwa futi 25 hazipiti, wataegesha St. Mary, upande wa mashariki, jirani na eneo la Wablackfeet. Kuna basi za utalii zinazoendeshwa na Wablackfeet wenyewe, zinapanda barabara ile na kusimulia mlima kwa mdomo wao. Nilimwandikia bei na saa.

"Weka hiyo," akajibu. Dakika moja baadaye: "Sasa niambie, hicho choo cha garini tunakimwaga wapi?"

Bado natafuta.