Kijiti Huwekwa Bure: Nani Hulipia Kukitoa?

Wanaotetea kipandikizi, yaani kijiti cha kuzuia mimba kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono, kwa hoja ya gharama hupenda hesabu moja. Kufikia 2013, kwa makubaliano kati ya kampuni za Bayer na Merck na wafadhili wakiwamo Taasisi ya Bill na Melinda Gates na serikali ya Norway, bei ya vipandikizi vya Jadelle na Implanon kwa nchi maskini ilishuka kutoka takriban dola 18 hadi 8.50. Jadelle, vijiti viwili vyenye homoni ya levonojestreli, hufanya kazi miaka 5, kwa hiyo mwaka mmoja wa kinga ni dola 1.70. Marekani kijiti kimoja huuzwa zaidi ya dola 1,000. Na mwanamke wa Mazinde, mkoani Tanga, halipi hata hizo 1.70, maana sera ya Tanzania ni kwamba uzazi wa mpango katika vituo vya umma hutolewa bila malipo.

Hesabu hiyo haina kosa, ila imekatishwa njiani. Ninachodai hapa ni kwamba gharama ya kipandikizi hujulikana siku ya kukitoa, na kwamba bima ya afya isiyoitaja siku hiyo haijakikatia kipandikizi bima yoyote.

Mazinde ipo tambarare, chini ya ukuta wa milima ya Usambara Magharibi, kando ya barabara itokayo Mombo kwenda Same. Katika karne ya 19 Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Washambaa, alijijenga hapa badala ya mlimani kwa sababu misafara ya biashara ilipita hapa. Baadaye ukaja mkonge. Juu ya ukuta ipo Mazinde Juu, upande wa Lushoto, kwenye mashamba ya mboga yaliyoning'inia kwenye miteremko. Kwa wanawake wa sehemu zote mbili, sindano ya kila miezi mitatu ni safari 20 katika miaka 5, na kila safari ni kibarua kilichokosekana au mboga zilizobaki shambani. Kijiti kinazifuta karibu safari zote hizo. Basi hakishangazi kilichoonekana katika takwimu za kitaifa: utafiti wa afya ya jamii wa 2015/16 uliikuta sindano ikiongoza miongoni mwa njia za kisasa kwa wanawake walio katika ndoa, na ule wa 2022 ukakikuta kipandikizi mbele. Kwa ufanisi pia hakina mpinzani wa karibu. Katika mwaka wa kwanza hata mwanamke mmoja katika mia hapati mimba.

Tatizo ni damu. Vitabu vya tiba huita mabadiliko ya hedhi "athari ndogo", na kwa maana ya hatari kwa uhai ni kweli: matone ya wiki tatu hayaui. Hata hivyo, katika majaribio ya Implanon takriban mtumiaji 1 kati ya 9 aliacha kwa sababu ya damu isiyo na mpangilio, na hao walikuwa na daktari karibu. Hapa tambarare, ambako Waislamu ni wengi, tone moja lina uzito ambao daftari la kliniki halina safu ya kuuandika. Mwenye hedhi haswali wala hafungi. Mwenye damu ya istihadha, yaani isiyo ya hedhi, hutawadha na kuswali. Ili kuzitenganisha damu hizo mbili, fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, humtaka mwanamke arejee ada yake, yaani siku zake alizozizoea. Kijiti kinaivuruga ada yenyewe. Akiingia Ramadhani hajui siku ipi ni deni la funga na ipi si deni. Nyumbani mume anauliza kwa nini kila akikaribia kuna udhuru, na kama kijiti kiliwekwa kwa siri, siri hiyo sasa inavuja. Nesi anayemjibu "utazoea, mama" hajasema uongo, lakini hajajibu alichoulizwa. Dawa zipo, kama ibuprofeni kwa siku chache au vidonge vyenye estrojeni kwa muda mfupi kwa asiye na kizuizi cha kiafya. Vidonge hivyo navyo vina bei, na vinahitaji safari.

Kuna pia wanaopungukiwa kinga bila kuona dalili. Rifampisini ya kifua kikuu, kabamazepini ya kifafa na efavirenzi ya VVU hupunguza nguvu ya homoni ya kijiti. Anayepewa moja ya dawa hizo dirisha jingine la kituo hichohicho asipoulizwa kuhusu mkono wake, anaweza kupata mimba akiwa na kijiti ndani.

Anayechoka na vidonge huacha kumeza, na aliyechoka na sindano hakai foleni tena. Kijiti hakiachwi hivyo. Lazima mtu mwingine, mwenye ganzi, kisu safi na ujuzi, akubali kukitoa. Hapo ndipo njia hii inapohamisha uamuzi kutoka kwa mwanamke kwenda kwa kituo. Dunia ililijua hili mapema. Norplant, vijiti sita, iliidhinishwa Finland 1983 na Marekani 1990, na baadhi ya kesi zilizoiandama Marekani zilihusu ugumu wa kuitoa. 2002 ikaondolewa sokoni huko. Kilichozama ndani ya msuli ni kazi ya hospitali, na kutoka Mazinde hiyo ni safari ya hospitali ya Magunga, Korogwe, kwa nauli ya mgonjwa mwenyewe.

Wapo watakaosema: huduma ni bure, bima inaingiaje? Inaingia kwa sababu bure ni ahadi ya bei, na bei haimleti mtoa huduma wala haijazi kabati la ganzi. Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa wa 2018, shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, ulibuniwa kwa ajili ya ugonjwa. Kuzuia mimba kuliachiwa bajeti ya serikali na wafadhili. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023 inatoa nafasi ya kurekebisha hilo. Pendekezo langu ni jembamba: kituo kilipwe kwa kutoa kijiti angalau sawa na kukiweka, bila kuuliza sababu wala miezi iliyosalia, na matibabu ya damu yahesabiwe ndani ya kifurushi hichohicho. Mpango unaohesabu mafanikio kwa idadi ya vijiti vilivyowekwa humfundisha mtumishi kumbembeleza anayetaka kutolewa.

Kuegemea wafadhili kumeonyesha udhaifu wake. Julai 2025, baada ya kufungwa kwa USAID, shirika la misaada la Marekani, vidhibiti mimba vya dola milioni 9.7 vilikuwa vimekwama ghalani Geel, Ubelgiji, serikali ya Marekani ikitaka viteketezwe. Kwa maelezo ya UMATI, Chama cha Uzazi na Malezi Bora Tanzania, fungu la Tanzania lilikuwa asilimia 28 ya mahitaji ya nchi kwa mwaka, vikiwamo vipandikizi zaidi ya 365,000. Kilio kilikuwa juu ya vijiti ambavyo havitawekwa, na kilistahili. Vilivyokwisha kuwekwa havikutajwa sana. Implanon ya miaka mitatu iliyowekwa 2024 inafika mwisho 2027, na Jadelle ya mwaka huohuo 2029. Kliniki tembezi iliyoviweka kwa fedha ya mradi huenda isipande tena Mazinde Juu, na bajeti ya halmashauri inaandaliwa kila mwaka.