Utani, Vichekesho na Msiba wa Umma: Mfano wa Diani na Pwani ya Kusini ya Kenya

Wahakiki wa tamthilia ya Kiswahili wamezoea istilahi mbili, tanzia na futuhi, na darasani istilahi hizi hufundishwa kana kwamba ni vyumba viwili vilivyotenganishwa kwa ukuta. Katika kimoja watu hulia, katika cha pili hucheka. Lakini neno tanzia halikuzaliwa darasani. Katika miji ya pwani tanzia ni habari ya kifo, ile inayopelekwa nyumba hata nyumba, ikatangazwa msikitini, na katika miaka ya karibuni ikasomwa redioni pamoja na majina ya jamaa wa marehemu. Habari hiyo haimruhusu msikiaji akae kitini kutazama. Humtaka ainuke, avae, aende matangani. Na akifika huko, aghalabu atamkuta mtu anayecheka.

Swali linalochunguzwa hapa ni la mtu huyo: ni nani aliyempa ruhusa ya kucheka, na msiba unapokuwa wa nchi nzima wala si wa nyumba moja, ruhusa hiyo hutoka wapi? Pwani ya kusini ya Kenya, kutoka Likoni hadi Diani na Msambweni, inalo jibu lake, ingawa si jibu la kufurahisha.

Yafaa kuanza na matukio. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kundi la wavamizi lilishambulia kituo cha polisi cha Likoni, ng'ambo ya kusini ya kivuko cha Mombasa, likaua askari na kuchukua bunduki. Katika majuma yaliyofuata watu zaidi ya 100 waliuawa, na wapatao 100,000 wakakadiriwa kuyahama makazi yao. Wengi wa waliokimbia walikuwa wale waitwao watu wa bara, yaani Wajaluo, Wakikuyu, Waluhya na Wakamba waliokuja kutafuta kazi bandarini, mahotelini na katika biashara ndogondogo. Baadhi yao walipata hifadhi katika Kanisa Katoliki la Likoni. Wavamizi wengi walikuwa vijana wa Kidigo waliolishwa kiapo na kufundishwa vita msituni, na jina la Kaya Bombo, ambayo zamani ilikuwa mahali pa sala na heshima, likawa tangu hapo jina la fujo. Nyaraka zilisambazwa zikiwaamuru watu wa bara waondoke. Tume ya Jaji Akiwumi iliundwa mwaka 1998, na ripoti yake ilipotolewa kwa umma mwaka 2002 ilizihusisha fujo hizo na siasa za uchaguzi wa Desemba 1997. Watu wa Diani waliona hasara ya aina yao: watalii waliacha kuja, hoteli zikabaki tupu, na wafanyakazi, wa pwani na wa bara, wakaachishwa kazi kwa pamoja.

Ili kuelewa kicheko kilivyokwama katika msiba huo, hapana budi kurejea katika desturi iliyokuwa na uzoefu mkubwa zaidi wa jambo hili katika Afrika Mashariki, nayo ni utani. A. R. Radcliffe-Brown aliuandikia uhusiano wa namna hii makala mashuhuri mwaka 1940, akaueleza kuwa ni urafiki na uhasama vilivyofungwa pamoja: mtu huruhusiwa kumdhihaki mwenziwe, na mwenziwe hutakiwa asikasirike. Katika miaka ya 1970 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikusanya habari nyingi za utani wa makabila ya Tanzania, na habari hizo zaonyesha jambo ambalo nadharia peke yake haikulikazia vya kutosha, kwamba utani mwingi wa makabila ulizaliwa na vita. Wangoni walipopanda kaskazini katika karne ya 19 walipigana na watu wengi njiani. Walipigana na Wahehe vita vikali kati ya mwaka 1878 na 1882. Wajukuu wa waliopigana ndio waliokuja kuitana watani. Ni kama kwamba pande mbili zilizoshindwa kumalizana kwa mkuki zilikubaliana kuendelea kupigana kwa maneno, na maneno hayo yakawa dhamana ya kuwa mkuki hautarudi.

Mtani huonekana hasa msibani. Wafiwa wamekaa, sauti zimekwisha kwa kilio, naye anaingia akimwigiza marehemu: alivyotembea akichechemea, alivyopenda kudai deni, alivyokuwa mchoyo wa tumbaku. Huweza kujilaza kwenye jeneza, au kusimama kaburini na kukataa maiti isishushwe mpaka apewe fedha. Mgeni asiyejua desturi angedhani ameingia mwendawazimu. Lakini mtani huyohuyo ndiye aliyechimba kaburi. Ndiye aliyeteka maji, akapasua kuni, akapika chakula ambacho wafiwa hawana nguvu ya kukipika. Na siku atakapofiwa yeye, waliodhihakiwa leo watakuja nyumbani kwake na kumlipa dhihaka kwa dhihaka na jembe kwa jembe. Basi ruhusa ya kucheka ina bei, nayo hulipwa kwa kazi na kwa kukubali kuchekwa. Asiyeshika jembe hana utani. Ana matusi tu.

Pwani ya Kenya ina sura zake za jambo hili. Miongoni mwa Wamijikenda wasioshika Uislamu, hasa Wagiriama, matanga yamejulikana kwa ngoma na nyimbo za ukware zinazowachekesha hata wazee, na wamisionari walizishangaa mno bila kuuliza zina kazi gani. Kwa Wadigo, ambao wengi wao ni Waislamu, hitima imechukua mahali pa mengi ya hayo, lakini ulimi haukufungwa. Ngoma yao mashuhuri, inayochezwa kwa nzumari na magoma, yaitwa sengenya, na yeyote ajuaye kitenzi kusengenya atatabasamu asikiapo jina hilo.

Sasa, je, baina ya Mdigo wa Diani na mtu wa bara palikuwa na utani? Mizaha ilikuwako tele. Mtu wa bara alichekwa kwa Kiswahili chake, kwa ngeli zilizopotea njia, kwa pupa ya fedha. Naye akamcheka mtu wa pwani kwa uvivu, kwa usingizi wa chini ya mwembe, kwa hofu ya majini. Kwa sikio la haraka hii ni sauti ya watani. Lakini mizani haikuwa sawa. Mzaha juu ya uvivu wa Mpwani ulitokea pia kuwa sababu iliyotolewa, kwa mdomo ulionyooka bila kucheka, palipoulizwa kwa nini vijana wa mahali hapo hawakupata kazi katika hoteli zilizojengwa kwenye ufuo wa babu zao. Mzaha unaoamua nani ataajiriwa umekwisha kuacha kuwa mzaha. Kadhalika mzaha juu ya mtu wa bara ulikuwa umebeba ndani yake neno la kumfukuza.

Lugha yenyewe yatoa ushahidi. Diani ni mji unaoishi kwa neno mgeni. Mgeni ni mtalii anayepokewa kwa maji ya madafu na ngoma. Mgeni ni pia mtu aliyetoka Kisumu au Murang'a akafungua kibanda Ukunda, akazaa, akasomesha. Neno ni moja, na Agosti 1997 lilitumika kwa namna mbili katika maili chache za barabara moja: wageni wa kwanza waliombwa wasiondoke, wa pili waliamriwa waondoke. Methali ya kuwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, imechekesha watu wa pwani kwa vizazi vingi. Katika eneo ambako viwanja vya pwani vilipewa hati kwa majina ya watu wa mbali huku wenyeji wakiitwa maskwota, methali hiyo ilipata ladha chungu, kwani mgeni hakupewa jembe tu, alipewa na shamba. Na tena, waliopewa mashamba makubwa hawakuwa wale waliochomewa vibanda. Wenye hati walikuwa mbali, salama. Wahenga walionya kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha. Hawakusema usaha utamwagikia nani.

Hapa yafaa kulinganisha kidogo na nchi za mbali. Baada ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001, vipindi vya vichekesho vya usiku katika televisheni za Marekani vilinyamaza kwa siku kadhaa. Mwishoni mwa mwezi huo, mchekeshaji Gilbert Gottfried alifanya mzaha wa ndege mbele ya hadhira mjini New York, na mtu mmoja akampigia kelele kwamba ni mapema mno. Gottfried akaiacha mada hiyo, akageukia hadithi moja chafu ya zamani, na ukumbi ukamrudia. Tangu siku hizo wachambuzi wengi huko huuliza swali la wakati: msiba ukae muda gani kabla ya kuchekwa? Mtani halijui swali hili. Yeye hucheka siku ya kwanza, maiti ikiwa ndani. Swali lake ni la mtu: ni nani anayecheka, na ana deni gani kwa nyumba hii? Maswali haya mawili ni tofauti kabisa, na uhakiki wa vichekesho nchini Kenya umeelekea kulichukua lile la kwanza bila kulipima.

Vichekesho vya redio na televisheni nchini Kenya vilijengwa kwa kiasi kikubwa juu ya lafudhi. Katika Vitimbi na Vioja Mahakamani, vilivyorushwa na Sauti ya Kenya, iliyokuja kuwa KBC mwaka 1989, mhusika hutambulikana kabla hajasema jambo, kwa namna anavyotamka tu. Watazamaji walicheka, na walicheka pamoja, jambo ambalo si dogo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakaja vijana watatu wa Redykyulass, Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, wakaigeuza sanaa hiyo ya lafudhi kumwelekea mtawala, na kwa mara ya kwanza Wakenya wakamwona Rais Moi akiigizwa waziwazi kwenye televisheni. Ujasiri huo unastahili sifa. Lakini kumcheka mkuu ni rahisi kwa hadhira kuliko kumcheka jirani ambaye jana nyumba yake iliteketezwa, maana mkuu huwaunganisha wachekaji wote upande mmoja.

Jirani alihitaji kitu kingine, na aliyekikaribia alikuwa mchekeshaji wa kale zaidi. Mzee Ojwang, yule mzee Mjaluo wa Vitimbi mwenye hasira za haraka na Kiswahili cha kwenye ziwa, aliigizwa kwa miaka mingi na Benson Wanjau, ambaye kwa kuzaliwa alikuwa Mkikuyu. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua watu zaidi ya 1,100, na mahali pengi jina la mtu au matamshi yake yalitosha kumhukumu. Katika nchi hiyohiyo Mkikuyu alikuwa amezeeka ndani ya sauti ya Mjaluo, akichekwa kwayo, akiombea riziki kwayo, na Wajaluo wakimwita wao. Kazi ya namna hii haimo katika maandishi ya mchezo. Imo katika miaka ambayo mtu ameubeba mwili wa mwenziwe, na ndiyo maana yafanana na jembe la mtani. Wanjau alipofariki Julai 2015, watazamaji wengi walipata kujua kabila lake kutokana na tanzia.

Diani haikupata mtu kama huyo, na sababu moja ni ya wazi mno hata hupitwa. Desturi za watu wengi wa bara, hasa Wajaluo na Waluhya, hutaka mtu azikwe kwao. Miili ilipandishwa magari ikasafiri usiku kuelekea magharibi. Wafiwa walikuwa kanisani Likoni au wamekwisha kuondoka. Vijana wa Kidigo waliouawa au kukamatwa katika msako wa polisi walililiwa majumbani mwao, kwa sauti ya chini, maana kulia sana kulikuwa ni kujitaja. Matanga yakawa mawili, kila moja mbali na jingine, na hakuna jirani aliyevuka uwanja kuchimba kaburi la mwenziwe wala kumwigiza alivyotembea. Katika barabara ya Ukunda vibanda vilijengwa upya baada ya muda, na mizaha ya ngeli na ya usingizi ikarudi pale vituoni, ikisemwa kwa sauti ileile ya zamani, isipokuwa kwamba sasa msemaji hutupa jicho kwanza kuona ni nani amesimama karibu.